Breki za hotirodi ya kujijengea: dramu za Ford, diski za mbele, au diski kote?

Injini imekaa kwenye chesisi, gia boksi imefungwa, na sasa umekwama kwenye breki. Fundi mmoja anakuambia dramu, zile breki za viatu vinavyotanuka ndani ya bakuli la chuma, zimepitwa na wakati. Mwenzake anakuambia diski, zile za pedi zinazobana sahani ya chuma, kwenye Ford ya 1932 ni kuliharibia gari sura. Wote wawili wana magari yanayotembea na kusimama vizuri, kwa hiyo huwezi kumpuuza yeyote kati yao. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili yako uliye katikati, mwenye pesa ya seti moja na usiyetaka kuinunua mara mbili.

Gari ninalolizungumzia ni hotirodi, yaani gari la zamani lililofungwa injini yenye nguvu zaidi, ya aina iliyozoeleka Marekani: Ford Model A ya 1928 hadi 1931 au Ford ya 1932, chesisi ya ngazi, ekseli ya mbele ya chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, na V8 ndogo ya Chevrolet mahali pa injini ya zamani. Model A ilitoka kiwandani na nguvu farasi 40 na breki za nondo: unakanyaga pedali, vyuma vinavutana hadi kwenye gurudumu. Ford waliendelea na breki za kuvutana hadi magari ya 1938, na breki za mafuta, zinazosukumwa na mafuta ndani ya mabomba, zikaja 1939. Chevrolet V8 ndogo ilipotoka mwaka 1955 ilikuwa na farasi 162 katika toleo la chini kabisa, na nyingi zinazofungwa leo zimeshapita 300. Gari likiwa kwenye kilomita 120 kwa saa hubeba nishati mara nne ya lile lililo kwenye 60, na nishati yote hiyo lazima igeuke joto ndani ya vipande vichache vya chuma nyuma ya rimu. Vijana wa kusini mwa California waliokuwa wakishindana kwenye maziwa yaliyokauka, kama ziwa la Muroc, walilijua hilo. Ndiyo maana baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikawa kawaida kung'oa breki za mafuta kwenye Ford za 1939 hadi 1948 na kuzifunga kwenye Model A.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Swali la dramu au diski ni la pili. La kwanza ni pedali yako ina uwiano gani, masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki unapokanyaga) ina upana gani na itakaa wapi. Nimeona gari lenye kalipa (vibanio vya diski) za bei kubwa likisimama kwa shida kwa sababu masta silinda ilichaguliwa kwa kuangalia picha, na nimeona dramu za miaka ya 1940 zikisimamisha gari kwa mstari ulionyooka kwa sababu kila kipande kilipangwa na mwenzake.

Ujue nini kabla ya kwenda dukani

Anza na uzito. Hotirodi isiyo na mabawa ya kufunika magurudumu wala boneti mara nyingi iko kati ya kilo 1,000 na 1,200. Breki nyingi zinazouzwa kwenye seti za diski zilibuniwa kwa magari kama Chevelle, yenye tani moja na nusu na pua nzito. Gari lako ni jepesi kuliko hayo, na uzito wake umegawanyika karibu nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma.

Halafu angalia tairi. Sura ya hotirodi inataka tairi nyembamba mbele na pana nyuma, na jambo hili linagusa breki kuliko wengi wanavyofikiri. Gari linashikwa na tairi juu ya lami. Breki kazi yake ni kulizuia gurudumu. Ukiweka diski kubwa mbele nyuma ya tairi ya upana wa mkono, gurudumu litafunga na kuburuzika kabla hujafaidi hata nusu ya nguvu uliyoinunua.

Tatu ni mahali pa masta silinda. Kwenye Model A na Ford ya 1932 pedali hutokea sakafuni, kwa hiyo masta silinda hukaa chini, kando ya chesisi. Hapo iko chini ya usawa wa kalipa na karibu na eksozi, na hayo yote mawili yana gharama yake, kama utakavyoona mbele. Ukiamua kuning'iniza pedali na kuipeleka masta silinda kwenye ukuta wa injini, umepata urahisi wa kuijaza mafuta, lakini kila anayefungua boneti ataiona.

Kuna pia matundu ya rimu, na hapa watu hupoteza pesa kimyakimya. Ford za zamani zina bolti tano kwenye duara la milimita 139.7. Chevrolet za kawaida zina tano kwenye 120.65. Ford za baadaye zina tano kwenye 114.3, ambayo ndiyo ile ile ya Toyota na Nissan nyingi. Ukinunua diski za GM (kampuni mama ya Chevrolet) za mbele na ekseli ya nyuma ya Ford bila kuangalia, utakuwa na gari linalohitaji tairi mbili za akiba. Amua rimu kwanza, kisha ulazimishe breki zifuate.

Yaliyobaki unayajua mwenyewe: kama una mtu wa kukereza vyuma karibu, kama spea utazipata dukani au kwa posta, na kama unajali mtu akichungulia nyuma ya rimu aone nini.

Hesabu ya mguu

Hesabu hii ni fupi, ifanye kwa kalamu. Tuseme mguu wako unasukuma ratili 75, ambazo ni kama kilo 34. Pedali yenye uwiano wa sita kwa moja, yaani urefu kutoka kwenye mhimili hadi unyayo ni mara sita ya urefu kutoka mhimili hadi kwenye kifimbo cha masta silinda, inazigeuza kuwa ratili 450. Masta silinda ya inchi moja ina eneo la inchi za mraba 0.785, kwa hiyo unapata psi 573 hivi (ratili kwa kila inchi ya mraba) kwenye mabomba. Ukibadili na kuweka ya inchi 7/8, eneo linashuka hadi 0.601 na presha inapanda hadi karibu 750. Mguu ni ule ule, pedali ni ile ile.

Lakini si bure. Masta silinda nyembamba inasukuma mafuta machache kwa kila safari, na ili kutoa ujazo ule ule pedali italazimika kusafiri zaidi kwa karibu theluthi moja. Kalipa zenye pistoni kubwa zinataka mafuta mengi. Ukizipa masta silinda nyembamba kupita kiasi, pedali itagonga sakafu kabla breki hazijakaza.

Sasa tia akilini kwamba dramu zinazojisukuma zenyewe zinaridhika na presha ya wastani, wakati diski nyingi huhitaji psi 900 hadi 1,200 unapokanyaga kwa dharura. Mtu anayeng'oa dramu, akafunga diski, akaiacha masta silinda ya inchi moja na pedali ya zamani, anashuka kwenye gari akisema diski ni mbovu. Diski hazina kosa lolote, presha haikuzifikia.

Chaguo la kwanza: dramu za mafuta za Ford, 1939 hadi 1948

*Zinavyoshika.* Dramu hizi zina kipenyo cha inchi 12, na kwa gari la tani moja hicho ni chuma cha kutosha. Kila gurudumu lina viatu viwili, kila kimoja kimefungwa na pini yake kwa chini. Cha mbele kinafanya kazi kubwa kuliko cha nyuma. Wapo wanaopendelea breki za pikapu ya Ford F-1 ya 1948 hadi 1952, ambazo huingia kwenye spindeli za zamani (vyuma vinavyobeba magurudumu ya mbele) kwa marekebisho madogo. Kwenye hizo viatu vimeunganishwa: cha mbele kikishika, mzunguko wa dramu unakiburuta na chenyewe kinamsukuma mwenzake wa nyuma. Breki inajiongezea nguvu yenyewe, na ndiyo maana mguu wa kawaida unatosha bila busta, kifaa cha kuongezea mguu nguvu.

Adui wa dramu ni joto linalorudiarudia. Mara moja kutoka kasi kubwa zinasimama vizuri. Ukishuka mlima mrefu huku unazikanyaga kila kona, dramu inatanuka kwa joto, inajitenga na kiatu, na pedali inazidi kushuka. Maji nayo yakiingia ndani hayatoki haraka. Na kiatu kimoja kikiwa kimerekebishwa karibu kuliko cha upande wa pili, usukani utakuvuta mkononi.

*Ufungaji.* Ni kazi ya uvumilivu kuliko nguvu. Lainingi mpya, yaani tabaka la kiatu linalogusa dramu, lazima ikwaruzwe ifuate mduara wa dramu yako, la sivyo itashika kwa ncha tu na utadhani breki hazina nguvu. Dramu zenyewe zimeshakerezwa mara nyingi katika miaka themanini, kwa hiyo mpelekee fundi wa kukereza azipime kabla hujazilipia. Wili silinda, zile silinda ndogo zinazosukuma viatu, nunua mpya zote nne. Mpira uliokaa kavu muda mrefu haurudi kuwa mpira.

Masta silinda ya asili ina njia moja tu. Bomba likipasuka mahali popote, breki zote nne zimekwenda. Hapa sina ulegevu: fungia masta silinda ya njia mbili. Pedali za Ford ya 1939, zinazosakwa sana na wajenzi, zinapokea masta silinda ya kisasa kwa bamba la kuunganishia, na kwa nje hakuna atakayegundua.

*Spea.* Kwa Marekani zipo, viatu na wili silinda vinatengenezwa hadi leo, lakini utaagiza. Usitegemee kuzikuta kwenye duka la kona.

*Anayefaa.* Mwenye gari jepesi la sura ya miaka ya 1940, rimu za chuma za inchi 16, mwendo wa kistaarabu na barabara zisizo na milima mirefu, na anayefurahia kurekebisha kwa spana kila baada ya muda.

Chaguo la pili: diski mbele, dramu nyuma

Hili ndilo linalofungwa na wengi, na nalipa nafasi kubwa kwa sababu lina mitego mingi iliyofichika ndani ya urahisi wake.

*Zinavyoshika.* Seti ya kawaida inatumia spindeli zile zile za Ford za 1937 hadi 1948, bamba la kushikia, diski ya inchi 11 ya GM na kalipa ya pistoni moja inayoelea. Pistoni inasukuma pedi ya ndani, na kalipa nzima inatelezea upande wa pili kuivuta pedi ya nje. Diski iko wazi kwa upepo, joto linaondoka, maji yanarushwa nje. Unaposhuka mlima, pedali haibadiliki sana kati ya kona ya kwanza na ya mwisho, na hilo pekee linawashawishi watu wengi.

Kalipa za GM utazikuta kwa saizi mbili hasa. Kuna ile kubwa ya miaka ya 1970 yenye pistoni ya inchi 2 na 15/16, na ile ndogo ya magari ya kati kuanzia 1978 yenye pistoni ya inchi 2.5 hivi. Kwa presha ile ile, kubwa inabana kwa nguvu zaidi ya ndogo kwa karibu asilimia 38, lakini inameza mafuta zaidi kwa kiasi hicho hicho. Kwa gari jepesi lenye tairi nyembamba mbele na pedali isiyo na busta, mimi naielekea ndogo pamoja na masta silinda ya inchi 7/8 au 15/16. Kwa sedani yenye mabawa yote na abiria wanne, kubwa ina maana zaidi, na masta silinda ya inchi moja na busta.

Nyuma unabaki na dramu za ekseli uliyochagua, mara nyingi ile ya Ford ya inchi 9 iliyotengenezwa kuanzia 1957 hadi 1986. Faida yake haitajwi sana: breki ya mkono imo tayari, kwa waya, bila kubuni chochote.

*Ufungaji.* Kabla hujakaza kitu, funga habu, diski na kalipa, kisha pachika rimu tupu bila tairi. Bandika kipande cha udongo wa kuchezea watoto juu ya kalipa, mahali inapokaribiana na rimu, uzungushe gurudumu taratibu kwa mkono. Udongo ukikwaruzwa, pima unene uliobaki. Fanya hivyo usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho kushoto, kisha kulia, ukitazama pia kama kalipa inagusa fimbo ya usukani au mpira wa breki unavutika. Baadhi ya seti zinasogeza gurudumu nje kidogo. Kama una mabawa, jua hilo kabla ya kupaka rangi.

Mtego mkubwa ni kuchukua vali ya kugawa nguvu kutoka kwenye gari la kiwandani na kuifunga kama ilivyo. Vali ile ilipangwa kwa gari lenye pua nzito na tairi sawa mbele na nyuma. Gari lako ni kinyume chake. Funga vali ya kurekebisha kwa mkono kwenye bomba la nyuma, uipange mwenyewe barabarani.

*Spea.* Hapa chaguo hili halina mpinzani Marekani. Pedi na kalipa za GM zipo karibu kila duka la spea, ukiwa Minnesota au ukiwa safarini katikati ya Kansas siku ya Jumapili.

*Anayefaa.* Anayetaka kuendesha gari mara kwa mara, mvua au jua, barabara kuu na mjini, na asiyeumizwa na kuona diski nyuma ya rimu.

Chaguo la tatu: diski kote, kalipa za pistoni nyingi

*Zinavyoshika.* Kalipa kama Dynalite ya kampuni ya Wilwood ni za alumini, haziteleziki, na zina pistoni nne, mbili kila upande, zinazobana diski kwa usawa. Ni nyepesi, na wepesi kwenye gurudumu la ekseli nzima unausikia barabara ikiwa na mashimo, kwa sababu ekseli inafuata ardhi badala ya kurukaruka. Zikipigwa breki mara nyingi mfululizo haziishi pumzi upesi. Kama gari litakwenda kwenye uwanja wa mbio, faida hiyo ni ya kweli.

Kwa mtu wa mjini, nasema kwa moyo wote, faida ya diski za nyuma ni ndogo. Gari likifunga breki uzito unahamia mbele. Nyuma kunabaki kazi chache, na dramu nzuri inaimudu.

*Ufungaji.* Breki ya mkono ndiyo inayotesa. Wengine hutumia kalipa za nyuma za Cadillac Eldorado za miaka ya 1979 hadi 1985, zenye breki ya mkono ndani yake, lakini zinadai kurekebishwa kwa utaratibu na zikipuuzwa pedali inakuwa ndefu. Wengine hununua diski yenye dramu ndogo katikati, ambayo ni safi zaidi na ghali zaidi. Gari lisilo na breki ya mkono usilipeleke barabarani. Ndiyo inayolishika gari kwenye mteremko, na ndiyo iliyobaki siku mafuta yakivuja.

Ukubwa wa pistoni na diski za nyuma lazima uwe mdogo kuliko za mbele. Seti nne zinazofanana pande zote zinavutia kwenye picha, lakini zinafanya nyuma kufunga kwanza, na gari linalofunga nyuma kwanza linageuka kutazama lilikotoka.

*Spea.* Kwa posta. Na soma maelezo kabla ya kununua: kalipa nyingi za mbio hazina mpira wa kuzuia vumbi kwenye pistoni. Kwa barabara ya vumbi, tafuta toleo la mtaani lenye mpira huo.

*Anayefaa.* Mwenye injini kali, tairi pana mbele na nyuma, nia ya kulikimbiza gari kweli, na mfuko usiolalamika.

Busta: uweke au uache?

Kwa gari la kilo 1,000 lenye pedali ya sita kwa moja na masta silinda iliyopangwa vizuri, bila busta inatosha. Tena pedali inakupa hisia ya kile tairi inachofanya. Mguu ukiwa dhaifu, au dereva mwingine wa nyumbani akiwa mwepesi, busta ina haki yake.

Busta ya vakyumu inayokaa chini ya sakafu kwa kawaida ni ya inchi 7 yenye viwambo viwili, na pedali yake inataka uwiano mdogo, kama nne kwa moja. Inahitaji vakyumu ya inchi 18 hivi za zebaki injini ikiwa sailensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta. Hapo ndipo wenye kemshafti (mhimili unaofungua vali za injini) kali wanapokwama: injini inayonguruma kwa mapigo ya kuvutia kwenye taa nyekundu mara nyingi ina vakyumu ya inchi 10 au 12 tu. Utakanyaga mara ya kwanza vizuri, mara ya pili pedali ni jiwe. Pima kwa geji kwenye injini yako kabla ya kununua. Ikiwa vakyumu haitoshi, chaguo ni pampu ya umeme ya vakyumu, au busta inayotumia mafuta ya pampu ya usukani. Ya pili ina nguvu sana, lakini hotirodi nyingi hazina pampu hiyo kabisa, na kuiongeza kwa ajili ya breki tu ni mabomba mengi kwa gari dogo.

Yasiyoepukika, uchague lipi

Njia mbili kwenye masta silinda. Magari ya Marekani karibu yote yalikuwa nazo ifikapo 1967, na sheria ya shirikisho ikazilazimisha kuanzia 1968. Hakuna sababu gari unalolijenga leo liwe nyuma ya sheria hiyo.

Vali ya kubakiza presha. Masta silinda iliyo chini ya sakafu iko chini ya kalipa, na mafuta yanarudi taratibu yenyewe. Unakanyaga mara ya kwanza na pedali inazama. Vali ya psi 2 kwenye njia ya diski inayazuia. Dramu zinataka vali ya psi 10, ili vikombe vya mpira ndani ya wili silinda vibaki vimetanuka na visinyonye upepo. Usizibadilishane. Ya psi 10 kwenye diski itazifanya pedi ziburuzike mchana kutwa hadi rimu ziwe moto. Angalia pia kama masta silinda uliyonunua tayari ina vali ndani.

Mabomba ni ya chuma au ya mchanganyiko wa shaba na nikeli uliotengenezwa kwa breki, inchi 3/16, na ncha zake zikunjwe mara mbili. Bomba la shaba tupu la majokofu halifai, wala viungio vya kubana kwa pete. Pitisha nati kwenye bomba kabla ya kukunja ncha. Na bomba likipita karibu na eksozi, liwekee ngao ya bati, masta silinda nayo vilevile.

Mafuta ya breki huuzwa kwa madaraja: DOT 3 mapya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, DOT 4 kuanzia 230, na yote hunyonya unyevu hadi kiwango hicho kishuke sana. Gari linalokaa gerejini miezi mingi linahitaji mafuta kubadilishwa kwa kalenda. DOT 5 ya silikoni haili rangi na hainyonyi maji, ndiyo maana wenye magari ya maonyesho huipenda, lakini usiichanganye kamwe na hayo mengine.

Ukimaliza kutoa upepo, kanyaga pedali kwa nguvu zako zote gari likiwa limesimama, ushikilie, mtu mwingine apite na tochi kila kiungo. Halafu uwanja mtupu, mwendo wa mtu anayekimbia, kisha kilomita 30, kisha 50. Funga breki kwa nguvu, ukitazama lipi linafunga kwanza. Ikiwa ni nyuma, punguza kwenye vali na urudie. Barabara yenye watu inasubiri hadi hapo pawe sawa.

Kwa hali yako

Una Model A wazi, rimu za chuma, injini ya wastani, na unataka ionekane kama ilijengwa 1948: dramu za Ford, au za F-1 ukizipata, masta silinda ya njia mbili iliyofichwa chini, bila busta.

Gari litakwenda kazini na sokoni, na pengine kuvuka majimbo mawili kiangazi: diski mbele, dramu nyuma, vali ya kurekebisha. Busta iamuliwe na geji ya vakyumu na miguu itakayoliendesha.

Unaishi kwenye milima, Colorado au Magharibi ya Carolina Kaskazini: usianze na dramu mbele, hata kama sura inakuvuta.

Injini imepita farasi 400 na unapanga siku za uwanjani: diski kote, na pesa ya breki ya mkono uitenge tangu mwanzo.

Pesa ni ya nusu seti tu: funga masta silinda ya njia mbili, mabomba mapya na pedali sahihi sasa, ukitumia dramu zilizo hai ambazo umezipima. Diski zitakuja baadaye, na wakati huo utabadili vali ya kubakiza presha ya mbele, na pengine masta silinda, kulingana na kalipa utakazopata.

Uko Nairobi, Dar es Salaam au Mombasa, na gari lako si Ford bali Datsun au Land Rover ya zamani iliyopewa injini kubwa ya Toyota: hesabu ya mguu ni ile ile, ila spea zinageuza uamuzi. Kalipa za pistoni nne za Hilux zenye ekseli nzima zimefungwa kwenye Datsun 240Z kote duniani, na kwako ni rahisi kuzipata kuliko kitu chochote cha GM. Zipimie masta silinda kwa eneo la pistoni zake, na uanze na swali la rimu za 114.3.

Na kama bado unabadili mawazo kuhusu rimu, usinunue kalipa yoyote wiki hii. Lete rimu mbili gerejini kwanza, moja ya mbele na moja ya nyuma, uzipime kwa ndani, na nenda dukani na vipimo hivyo vimeandikwa.